Jina la mtoto kwenye gari la rali

Mzazi aliyefiwa na mtoto mpenda magari huja kwenye timu na vitu viwili mkononi: picha ya mtoto na pesa kidogo. Huomba picha ibandikwe kwenye boneti na pesa ziingie kwenye mafuta. Timu nyingi hukubali siku hiyohiyo, maana pesa hazikataliwi na mfiwa habishiwi. Makosa huanzia hapo. Picha ilipaswa kuja mwisho, kazi ikaja kwanza. Mwenye kazi inayojulikana ndani ya timu hudumu misimu. Mwenye picha tu hubaki mgeni anayeletewa kiti, na mgeni huchoka haraka kuliko fundi.

Haya yanahusu rali za kwetu: raundi za ubingwa wa Kenya, Rally of Tanzania, Pearl of Africa ya Uganda, na zile ndogo za klabu ambazo hazifiki magazetini. Safari Rally yenyewe, iliyoanza mwaka 1953 na kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, si mahali pa kujifunzia. Pale Naivasha, yanakofanyika mashindano hayo nchini Kenya, vibali ni vichache, watu ni wengi, na kila dakika ina mwenyewe. Anza na mashindano ya siku moja ya klabu.

Wengi hujitokeza arubaini ikishapita, watu wamerudi makwao na nyumba imekuwa kimya. Mara ya kwanza njoo utazame tu, usipewe kazi yoyote. Sababu yake ni ya mwili kabla ya kuwa ya moyo. Gari la rali lenye tabo hupasua milio kama risasi dereva akiachia mafuta. Klachi ikiungua hunuka kama waya zinazoshika moto. Pale mkondo unapoanzia, yaani kipande cha njia iliyofungwa kwa ajili ya mbio, lazima pawe na ambulensi, na bila hiyo mkondo hauanzi. Kwa aliyempoteza mtoto barabarani, ambulensi iliyoegeshwa tu ikisubiri inaweza kuwa nzito kuliko mbio zenyewe. Afadhali ulijue hilo ukiwa mtazamaji mwenye ruhusa ya kuondoka saa yoyote, kuliko ulijue ukiwa umeshika jeki. Na usichague wikendi inayoangukia siku ya kuzaliwa ya mtoto wala siku aliyofariki. Watu hupenda kuzilenga tarehe hizo. Kwa msimu wa kwanza, zipishe.

Sasa kazi. Gari likiingia sevisi, pale pa matengenezo kati ya mikondo, kwenye rali ya kitaifa, timu hupata dakika 20 au 30 hivi. Turubai limeshatandikwa chini ili mafuta yasimwagike ardhini. Jeki inainua, stendi nne zinaingia, na kabla stendi hazijakaa hakuna anayeingiza hata mkono chini ya gari. Magurudumu yanatoka. Fundi mmoja anatazama mipira ya sivi jointi na paipu za breki, mwingine anapima unene wa pedi, mwingine anabadilisha filta ya hewa, mwingine yuko chini na tochi akitafuta ufa kwenye mikono ya shokapu na kwenye bamba linalokinga injini. Oili inapimwa, maji yanapimwa, kioo kinaoshwa, mwelekezi, anayemsomea dereva njia, anakula ndizi huku akirekebisha noti zake za njia. Dakika 20 ni nyingi ukiwa umeketi. Ukiwa umeinama hazitoshi kitu.

Mzazi mpya hukimbilia magurudumu, kwa kuwa ndiyo kazi inayoonekana na haihitaji cheti. Usimpe nati katika msimu wa kwanza. Si kwamba hana nguvu. Mtu aliyefiwa karibuni hupotewa na hesabu katikati ya jambo. Amefunga nati tatu, kitu kimemkumbusha, anarudi akiamini amefunga tano. Gurudumu lenye nati mbili zilizolegea huvumilia kilomita chache za changarawe, kisha stadi, zile boliti zinazoshika nati, hukatika moja baada ya nyingine na gurudumu likalitangulia gari. Mpe kwanza kazi ambayo kuna jicho la pili baada yake.

Atakapofika kwenye nati, afundishwe hivi. Uzi wa stadi usafishwe kwa brashi ya waya, kwa sababu chembe ya mchanga huidanganya spana ikaonyesha mkazo ambao nati haina. Nati zianzwe kwa vidole, zifungwe kwa mtindo wa nyota, mashine iishie kuzikalisha tu. Mkazo wa mwisho ni wa spana ya kupimia, gari likiwa limeshushwa chini. Kwa stadi za milimita 12 zilizo kwenye Subaru nyingi mkazo huwa karibu Nm 100, ila kitabu cha gari husika ndicho hakimu. Kisha mstari mmoja wa rangi upigwe kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Mstari ukiwa umenyooka, nati haijasogea. Ukikatika, imesogea. Rangi hiyo haihitaji kumbukumbu ya mtu yeyote, na ndiyo faida yake kwa mtu ambaye kumbukumbu yake ina kazi nyingine.

Kazi inayomfaa zaidi mzazi mwanzoni ni saa. Kila sevisi inahitaji mtu mmoja asiyeshika spana, anayetazama saa iliyolinganishwa na saa rasmi ya mashindano na kutangaza kwa sauti: kumi, tano, tatu, mbili, shusha gari. Gari likichelewa kutoka, adhabu ni sekunde 10 kwa kila dakika. Likiwahi, ni dakika nzima kwa kila dakika, na wageni wengi hawalijui hili, hudhani kuwahi ni sifa. Mtangaza saa anatakiwa kuwa na sauti na uthabiti wa kumkatiza fundi bingwa aliyeng'ang'ania boliti moja. Mzazi mtu mzima, aliyezoea kuamrisha nyumba, huiweza kazi hii kuliko kijana. Nayo ina mwanzo na mwisho unaoonekana: dakika 20 zimekwisha, gari limetoka, kaa chini unywe maji.

Ya pili kwa kufaa ni tairi. Hapa kuna elimu ya kutosha msimu mzima. Tairi za changarawe kwa magari haya huwa za inchi 15, na presha huanzia psi 26 hadi 32 kulingana na mawe. Mawe yakiwa mengi presha hupanda ili rimu isigonge. Njia ikiwa laini hushuka ili tairi ikamate. Tatizo la Naivasha ni kwamba asubuhi unavaa koti na adhuhuri unatafuta kivuli. Kila nyuzi 10 za Selsiasi huongeza karibu psi 1 na nusu, kwa hiyo tairi iliyojazwa saa kumi na mbili asubuhi si tairi ileile saa saba mchana. Mtunza tairi hupima zikiwa baridi, huandika kwa chaki ubavuni (presha, upande ilikofungwa, mikondo iliyokwisha kukimbia), kisha hunakili kwenye daftari kwa sababu chaki hufutika. Tairi ikirudi apapase ubavu wa ndani kwa kiganja. Mkato wa ndani hauonekani kwa macho, na ndio unaopasuka mkondo unaofuata. Vumbi la Kedong karibu na Naivasha, lile laini kama unga, huficha jiwe hadi uligonge.

Jikoni nako ni kazi, tena si ndogo. Watu 12 walioamka saa kumi usiku wakila ugali mzito saa sita, saa nane unao watu 12 wanaosinzia chini ya gari. Wali kidogo, maharage, matunda, chai ya tangawizi, na maji lita tatu hadi nne kwa kila mtu kwa siku. Ila mama asisukumwe jikoni kwa sababu tu ni mama. Akina baba wanaulizwa wanataka kufanya nini, akina mama wanaonyeshwa sufuria. Huenda mama huyo ndiye aliyekuwa akimshikia mtoto tochi alipokuwa akifungua kabureta.

Kazi ya marshali ndiyo wazazi wengi huulizia, kwa kuwa klabu huwa na upungufu wa watu na mafunzo si marefu. Ni kazi ya heshima: kufika kabla ya alfajiri, kufunga utepe, kuwaondoa watazamaji upande wa nje wa kona, kuhesabu magari ya usalama yanayotangulia, 000, 00 na 0, kisha kuandika namba ya kila gari linalopita. Lakini marshali ndiye mtu wa kwanza kulifikia gari lililopinduka. Aliyempoteza mtoto katika ajali asipangiwe kituo cha mkondo mwaka wa kwanza. Klabu haitauliza, kwa hiyo mwambieni msimamizi mapema. Kuna nafasi kwenye ukaguzi wa magari, kwenye mizani na kwenye ubao wa matokeo.

Linalovunja watu ni kusubiri. Magari huanzishwa kwa kupishana dakika mbili hivi ili vumbi litulie. Ukiwa mwisho wa mkondo unahesabu: lililo mbele yetu limetoka, sasa letu. Kisha linatoka lililo nyuma yetu. Hapo kila mtu kwenye timu hunyamaza, na mzazi aliyewahi kupokea simu mbaya huwa ameshafika mbali kimawazo. Mpango wa dakika hizo upangwe wiki moja kabla.

Kwanza, mzazi asishike redio wala simu ya timu. Mtu mmoja aliyetajwa kwa jina ndiye anayezungumza na kituo cha mashindano, na mwingine, naye aliyetajwa, kazi yake ni kukaa na mzazi. Pili, mzazi afundishwe maana ya alama ili asizijazie mwenyewe. Kila gari hubeba bango lenye neno OK la kijani upande mmoja na SOS nyekundu upande wa pili. Wenye gari wakiwa salama wanalionyesha OK kwa magari matatu yanayofuata, na huweka pembetatu nyekundu mita 50 au zaidi kabla ya gari lao. Sehemu kubwa ya magari yasiyotoka yamekatika sivi jointi, au yamepata pancha, au yamepigwa rejeta, na wenyewe wamekaa chini ya mgunga wakitafuta mtandao. Tatu, habari ikija mzazi aambiwe neno la kwanza: wazima. Baada ya hapo ndipo aelezwe gari limefanya nini. Mafundi wana tabia ya kuanza na gari. Nne, hakuna anayeingia mkondoni hadi gari la kufunga njia lipite. Mzazi atataka kukimbia, na huyo aliyepangwa kukaa naye ndiye wa kumshika mkono.

Sasa ndiyo tuje kwenye jina na picha.

Boneti ndiyo mahali wote hupataka, na ndiyo pabaya kuliko pote. Hupigwa mawe, hujaa matope mkondo wa kwanza, hufunguliwa kila sevisi, na gari likigonga ndiyo inayokunjika. Hakuna anayetaka kuona uso wa mwanawe umekunjika. Kisha boneti mpya hufungwa saa nne usiku bila picha, na asubuhi mzazi hudhani kuna aliyeiondoa makusudi. Ubavu wa nyuma, juu ya tao la gurudumu, unatosha. Kioo cha pembeni nyuma ni bora zaidi, mradi nafasi ya majina ya dereva na mwelekezi isiguswe. Milango ya mbele ina vibao vya namba, na sehemu nyingine zimetengwa kwa matangazo ya waandaaji. Someni kanuni za nyongeza za mashindano kabla ya kwenda kwa mchapaji. Chapisheni nakala tatu, mbili zikae ndani ya kasha la vipuri. Jina husomeka kuliko picha. Kwa mbali picha ni doa, lakini jina la herufi sita kubwa husomeka gari likipita.

Ndani ya gari msininginize kitu. Rozari, tasbihi, kiatu cha mtoto, fulana yake iliyofungwa kwenye nguzo za usalama, mkaguzi ataviondoa vyote, na ana haki. Gari likijiviringa, chochote kisichofungwa hugeuka jiwe. Nguzo zenyewe hazitobolewi wala kuchomelewa kibao, kwa sababu tundu dogo hupunguza nguvu ya bomba na huweza kuzikosesha kibali. Mtu akitaka kitu cha ndani, stika ya karatasi mbele ya kiti cha mwelekezi inatosha. Upande wa dereva usiguswe.

Dereva naye ana lake. Asiambiwe "shinda kwa ajili ya mwanangu". Maneno hayo hubadilisha kona. Dereva anayejua kasi yake ataongeza kidogo kwenye mkondo wa mwisho kwa huruma, na kidogo hicho ndicho kinachomtoa njiani. Tena gari likianguka na jina la mtoto ubavuni, dereva hujiona amemuua mara ya pili. Mwambieni mapema, kabla hajavaa kofia, kwamba gari kurudi kwa trela ni jambo la kawaida na hakuna atakayemtazama vibaya.

Kuhusu namba, wengi wamesikia habari za Kyle Petty, dereva wa mbio za magari za NASCAR za Marekani. Mwanawe Adam, dereva pia, mwenye miaka 19, alikufa tarehe 12 Mei 2000 akiwa mazoezini kwenye uwanja wa New Hampshire. Baba aliyekuwa na namba 44 akaingia kwenye gari la namba 45, namba ya mwanawe. Mwaka 2004 familia ikafungua Victory Junction huko Randleman, North Carolina, kambi ya watoto wenye maradhi makubwa, wazo alilokuwa nalo Adam mwenyewe. Kuchukua namba ya mwanawe kuliwezekana kwa sababu kule namba hukaa na timu. Kwenye rali za kwetu namba hutolewa na waandaaji kufuata ubora wa madereva, na raundi ijayo huenda ukapewa nyingine. Mwenye kutaka namba ya mtoto aende motokrosi, ambako mwendeshaji husajili namba yake. Jambo lingine la mwaka ule halisimuliwi sana: baada ya kifo cha Adam, na cha dereva Kenny Irwin miezi miwili baadaye kwenye uwanja uleule, NASCAR ikalazimisha kitufe cha kuzima injini kwenye usukani.

Motokrosi ina suala lake, nalo ni vifaa vya mtoto. Pikipiki ya cc 65 au 85 imekaa stoo mwaka mzima, na mzazi anataka kumpa mtoto wa jirani anayefanya mazoezi Jamhuri Park, Nairobi. Jambo jema, ila kwa utaratibu. Petroli ya zamani imwagwe yote, tangini na kwenye kabureta, kwa kuwa imeshageuka gundi na imeziba jeti. Sili za mbele zikaguliwe kama zinavuja, bearing za mkono wa nyuma zitikiswe, mnyororo na meno yake vibadilishwe pamoja. Buti, glavu na kinga za magoti zinatolewa. Kofia haitolewi kamwe. Povu la ndani hupondeka mara moja tu, na kwa nje huoni kitu. Kofia iliyowahi kuanguka vibaya imekwisha kazi. Ibaki nyumbani kwenye rafu. Na pikipiki ikishatolewa imetolewa. Mtoto wa watu akianguka nayo, akaipaka rangi nyingine au akaiuza, msimpigie simu.

Pesa ziandikwe. Mzazi asitoe fungu, alipie kitu chenye jina: tairi nne, au ada ya kuingia raundi moja, au mafuta ya gari la sevisi. Fungu hupotelea kwenye deni la zamani la karakana, na mwisho wa msimu pande mbili hazisalimiani. Bima ya kawaida ya gari haimlipi anayeshindana, kwa hiyo ulizeni timu na klabu bima ya ajali ya mtu binafsi inawagusa nani, na kama mtu wa sevisi yumo. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha. Iandikwe pia kwamba mzazi anaweza kuacha wakati wowote bila kueleza, maana wengine huacha baada ya raundi mbili, na wale huwa wamepata walichokijia.

Kwenye karatasi hiyohiyo kuwe na mstari mmoja ambao timu husahau: gari likiuzwa, jina litolewe kwanza. Magari ya rali huuzwa ghafla, mara nyingi kwa mtu wa nchi jirani, na limeshaonekana gari likipita Kampala na jina la mtoto ambaye mwenye gari mpya hamjui. Kuliondoa kunahitaji nusu saa. Pasha stika moto kwa kikaushio cha nywele hadi iwe vuguvugu, inua pembe moja kwa ukucha, kisha vuta polepole kwa kuilaza nyuma juu yake yenyewe. Ukivuta wima inakatika. Ibandike kwenye karatasi ya nta na umpe mwenyewe. Gundi iliyobaki hutoka kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, halafu maji na sabuni. Kama imekaa msimu mzima juani, rangi iliyo chini yake itakuwa mbichi kuliko ya pembeni, na jina litaendelea kusomeka kwenye bati. Polishi huliondoa. Mzazi akiwepo, muulizeni kwanza.